Lango la Sketi

Kila Jumamosi mchana watoto wawili walirudi nyumbani wakiwa na matope mpaka magotini, wakaanza kumsimulia mama yao mambo ya bwawani. Mkubwa, binti wa miaka kumi na mmoja, mtaa mzima ulimwita Wakili kwa sababu hakukubali jambo lolote kabla ya kuuliza maswali matatu. Mdogo wake wa kiume, miaka sita, aliitwa Kifungo. Alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha shati la shule, na familia yote ikakaa siku mbili ikikisubiri.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, chenye dirisha pana, meza ya kukatia, cherehani mbili na marundo ya sketi za buluu yaliyopangwa kwa saizi. Miaka mitano kabla ya haya aliteleza kwenye ngazi za ghala la vitambaa akiwa na jora begani. Jora liliviringika mpaka chini salama salimini. Yeye aliumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haikumsikiliza tena. Alipotoka hospitali, jirani yao wa kuchomelea vyuma, mtu wa makamo waliyemwita Cheche, aliihamisha pedali ya cherehani akaifunga juu ya meza, ili fundi aibonyeze kwa kiwiko cha kushoto. Wateja wapya walimwona ameegemea meza wakadhani amechoka, wakampa pole. Naye aliipokea. Aliona haina hasara.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alipika akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, alifua, aligombana na wauza vitambaa kwa simu na kwa kawaida alishinda. Kitu kimoja tu alikikataa katakata, nacho ni kubebwa mbele za watu. Hospitali alibebwa vya kutosha. Kwa hiyo mahali penye ngazi hakwenda, na ukianza kuhesabu utaona ni mahali pengi mno.

Mumewe, fundi bomba, ndiye aliyewapeleka watoto msituni. Ulikuwa msitu mdogo pembezoni mwa mji, na njia ya miguu iliyozunguka bwawa. Waliondoka asubuhi kwa pikapu yake ya kazi, mabomba yakigongana nyuma, na mama akabaki na sketi zake. Alijiambia kuwa siku hiyo nyumba inatulia na kazi inakwenda. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

Jumamosi moja wakiwa mezani, Kifungo alisema, "Mama, kuna chura ana macho ya dhahabu. Anakaa chini ya daraja la mbao. Ukitaka kumwona lazima ulale kifudifudi."

"Ni mkubwa kiasi gani?"

Kifungo alifungua mikono, akaifunga kidogo, akaifungua tena. Halafu akakata tamaa. "Wewe huwezi kujua. Hujawahi kufika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema kuwa nje kuna jua. Wakili alimkanyaga mguu chini ya meza, naye Kifungo akauliza kwa sauti kwa nini anakanyagwa.

Watoto walipotoka kwenda kunawa, baba yao alikaa akichezea kijiko. "Wameweka kibao pale langoni," akasema. "Wiki tatu sasa. Kinasema njia inapitika kwa viti vya magurudumu. Wameitengeneza upya, wameshindilia changarawe."

"Wiki tatu?"

"Nilijua utasema hapana."

"Hujaniuliza."

Alikiweka kijiko chini. "Haya, nakuuliza."

Mkewe alitazama mlango wa chumba cha mbele, sketi kumi na mbili zikisubiri pindo. "Jumamosi ijayo," akasema. "Na mabomba yako uyafunge vizuri, sitaki kwenda msituni na bendi."

Jumamosi hiyo Kifungo aliamka kabla ya kila mtu akavaa viatu vya mvua, ingawa anga ilikuwa nyeupe kwa ukavu. Walibeba mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi na chupa mbili za maji. Baba alimpandisha mkewe kwenye pikapu akiwa bado ndani ya ua, pasipo macho ya watu, kisha akafunga kiti nyuma kwa kamba. Njiani mama alishika dirisha lililokuwa wazi, na upepo ukamvuruga kitambaa cha kichwa mpaka akakivua kabisa.

Kibao kilikuwepo, kipya, herufi nyeupe na picha ya kiti. Njia yenyewe ilikuwa nzuri kuliko mama alivyotarajia. Changarawe ilikuwa imeshindiliwa ikawa ngumu, na magurudumu yalikwenda bila kuyumba. Walikwenda hivyo hatua ishirini hivi. Hapo wakakuta nguzo mbili za chuma zimesimama katikati ya njia, na pande zote mbili ukuta wa vichaka vya miiba.

Gurudumu la kulia liligusa nguzo. Mama alirudi nyuma, akajiweka sawa, akajaribu tena. La kushoto nalo likagusa.

Shingoni alikuwa na futi yake ya kupimia nguo, kwani alisahau kuivua alipotoka. Akaivuta, akapima kati ya nguzo na nguzo.

"Sitini," akasema.

"Na kiti?" akauliza mumewe.

"Sitini na sita."

Sentimita sita. Kwa fundi cherehani, hiyo ndiyo tofauti kati ya suruali inayofungika na suruali inayorudishwa na mama wa mtoto akiwa amenuna.

Wakati huo bwana misitu alitokea ndani akisukuma pikipiki yake ya kazi. Alikuwa mwanamume mrefu, kofia imefifia kwa jua, na uso wa mtu aliyezoea kusalimiana na miti. Alisalimia, akatazama nguzo, akatazama kiti, na akaelewa papo hapo.

"Pole sana, dada," akasema. "Tutafanya hivi. Mimi na shemeji hapa tunakubeba, tunakuvusha. Dakika moja tu."

"Asante, kaka. Mimi si gunia la mkaa."

"Sikusema hivyo."

"Najua hukusema."

Bwana misitu alivua kofia. Alieleza kwamba njia hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe, miezi minne, na kila mahali aliipima kama inapitika.

"Uliipima kwa kutumia nini?" akauliza Wakili.

"Kwa toroli. Nilisukuma toroli la mchanga mwanzo mpaka mwisho."

"Toroli lina magurudumu mangapi?"

"Moja."

"Na ulipokuwa unalisukuma, nani alikuwa amekaa ndani?"

"Wakili," mama yake akamwita kwa upole. Lakini bwana misitu alikuwa ameshainamisha kichwa, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na tabasamu la aibu. Nguzo, alisema, ziliwekwa baadaye, juma hilo hilo, kwa amri ya ofisi, maana watu walianza kuingia na pikipiki na kutoka na magogo. Kibao kilikuwa kimeshapakwa rangi. Hakuna aliyefikiria kuviweka vitu hivyo viwili pamoja kichwani.

Walitandika kitambaa kwenye nyasi mbele ya lango wakala pale pale. Baada ya kula mama alisema, "Sasa nendeni bwawani."

"Kama wewe huingii, mimi siingii," akasema Wakili.

"Sikukuajiri kunitetea leo. Nenda ukamwone huyo chura, uje uniambie ana sentimita ngapi."

Walikwenda, Wakili nyuma kabisa, akigeuka kila baada ya hatua chache. Mama alibaki na bwana misitu, ambaye hakujua aondoke au akae, kwa hiyo akajifanya anafuta vumbi kwenye pikipiki.

Hapo ndipo macho ya mama yalipotua kwenye ile pikipiki. Aliitazama kwa muda, kama anavyomtazama mteja aliyeingia dukani na umbo lisilofuata saizi.

"Kaka, hebu isogeze hapa."

Alipima usukani kutoka ncha hadi ncha. Sabini na nane. Alipima kutoka ardhini hadi kwenye usukani. Mita moja kasoro kidogo. Kisha akampa bwana misitu ncha ya futi, "Nishikie hapa," akajipima mwenyewe akiwa kitini, kutoka kiwiko hadi kiwiko. Hamsini.

"Umeona?" akasema. "Pikipiki ni pana juu, chini ni nyembamba. Mimi ni mpana chini, kwenye magurudumu, juu ni mwembamba. Ninyi mmeweka nguzo zilizonyooka kama miguu ya suruali. Hapa panatakiwa sketi."

"Sketi?"

"Juu kiuno, chini inafunguka. Nguzo ziinamiane. Mimi napita chini, usukani unakwama juu."

Bwana misitu alitoa daftari lake la doria. Mama alimchorea nguzo mbili zilizoinamiana, akaandika vipimo pembeni kwa mwandiko ule ule aliotumia kwa sare: juu hamsini na nane, chini themanini. Bwana misitu aliugeuza mchoro huku na huku. "Ofisi watacheka," akasema.

"Wacheke. Mradi wapime."

Watoto waliporudi, Wakili aliripoti kuwa chura hakuonekana, kwa hiyo vipimo havikupatikana. Kifungo alikuwa na maoni mengine. Alisema chura alijificha kwa kuwa Wakili alikuwa amekasirika.

Ofisi ya misitu ilikuwa jengo la zamani mjini, na mlangoni mwake palikuwa na ngazi tatu. Mama alipofika siku ya miadi aliyoombewa na bwana misitu, mkuu wa ofisi alimtuma karani kumwambia aingie. Mama alimwonyesha karani zile ngazi. Karani alirudi ndani, akatoka na wazo la kumbeba, akajibiwa. Mwishowe mkuu mwenyewe ilibidi atoke na faili lake, na kikao kikafanyika kwenye maegesho ya magari, saa saba mchana, hakuna hata kivuli cha mkono.

Mkuu alianza kwa kusema lango limewekwa kwa mujibu wa maagizo na maagizo hayabadilishwi hivi hivi. Mama alisikiliza. Alikuwa amevaa kofia pana na amekaa. Mkuu alikuwa na tai na amesimama. Bwana misitu, ambaye alisimama kando akiwa na daftari, alieleza mchoro mara ya kwanza, na mkuu akasema utapelekwa juu. Akaeleza mara ya pili, taratibu zaidi. Jasho lilipofika kwenye kola, mkuu aliomba kalamu.

"Tujaribu mwezi mmoja," akasema. "Pikipiki zikiingia, narudisha nguzo zangu."

Cheche alichomelea lango hilo mbele ya nyumba yao, na mtaa wote ukapita kuuliza ni la nani, maana hawajaona lango linaloonekana kama limelegea. Lilipofungwa msituni, bwana misitu alilijaribu kwa pikipiki yake. Usukani ulikwama. Aliilaza upande, kibao cha kukanyagia kikanasa, na ikabidi Cheche na baba Wakili wamsaidie kuichomoa. Alitoka na mkwaruzo kwenye kiganja na furaha isiyofichika.

Wiki sita baada ya ile safari ya kwanza walirudi wote wanne. Mama alisimamisha kiti mbele ya lango, akavuta pumzi, akasukuma magurudumu. Alipita. Kulibaki nafasi ya vidole upande huu na upande ule. Mumewe, aliyekuwa nyuma yake, aliona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo.

Mbele kulikuwa na miti mirefu, na baridi nyepesi iliyotoka chini yake. Mama alikuwa amesahau kwamba msitu una sauti zake za juu na za chini, na kwamba za chini unazisikia vizuri zaidi ukiwa umekaa. Kifungo alikimbia mbele, akarudi, akakimbia tena, akimwonyesha kila kitu kana kwamba ni chake: kichuguu, mti uliopasuliwa na radi, mahali alipowahi kuanguka. Alikuwa na mwaka mmoja mama yake alipoumia. Katika maisha yake yote hajawahi kumwonyesha mama kitu kilicho mbali na nyumbani.

Baada ya benchi la tatu njia ilipanda. Wakili, bila kuombwa, alishika mishikio ya kiti na kuanza kusukuma.

"Wakili. Usinisukume mpaka nikuambie."

"Lakini ni mlima."

"Naona ni mlima."

Alipanda mwenyewe, akipumzika kila hatua tano. Alipofika robo tatu ya mwinuko alisimamisha kiti. Changarawe hapo ilikuwa imelegea na magurudumu madogo ya mbele yalizama. Alikaa kidogo akatazama juu, akatazama chini. "Haya," akasema. "Sasa sukuma." Na binti, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mabishano, alisukuma kimya kimya mpaka kileleni, uso umemwiva.

Bwawa lilikuwa dogo kuliko mama alivyolijenga kichwani mwake, na maji yake yalikuwa ya kijani. Daraja la mbao lilipita juu ya matete hadi katikati. Kifungo alikwenda moja kwa moja mahali pake, akalala kifudifudi, akabana jicho kwenye upenyo wa ubao.

"Yupo," akanong'ona. "Mama, yupo. Njoo uone."

Mama alisogea. Kutoka kitini aliona mbao tu, na mgongo wa mwanawe.

"Nieleze yukoje."

"Siwezi kueleza. Lazima ulale."

Mumewe alianza kusema, "Kifungo, mama hawezi..." lakini mkewe aliinua mkono.

Alifunga breki. Alimwambia mumewe akishike kiti. Kisha akajishusha, kwanza hadi kwenye kibao cha miguu, halafu kwenye mbao, akiivuta miguu yake mmoja mmoja kwa mikono na kuinyoosha vizuri. Ilichukua muda. Watu wawili walikuwa wanakuja darajani, mume na mke wa makamo na mbwa wao. Wakili alijisogeza akasimama katikati, kana kwamba mwili wake ungemficha mama. Wale watu walisema samahani. Mama akajibu kutoka chini, "Piteni tu, tunatazama chura." Mwanamke alipita, akasita, akauliza, "Yuko wapi?"

Mbao zilikuwa na joto la jua juu, na kwenye nyufa zilitoa harufu ya maji. Mama aliweka jicho. Kwanza aliona giza. Kisha kivuli cha jani. Kisha, karibu sana, macho mawili ya dhahabu yasiyopepesa.

"Ni mdogo," akanong'ona.

"Leo amejikunja," akasema Kifungo. "Anaona haya kwa wageni."

Walilala hivyo kwa muda mrefu, bega kwa bega. Baadaye Wakili naye akajilaza upande wa pili, kwanza akiangalia kama kuna watu wanaokuja, kisha bila kuangalia. Baba yao alikaa pembeni akila yai, mkono mmoja bado umeshika kiti ambacho hakikuwa na mtu. Aliwaambia baadaye kwamba hakuthubutu kukiachia kwa sababu aliambiwa akishike.

Muda wa kuondoka ulipofika, mama aligeuka chali akatazama mawingu. "Baba Wakili," akasema, "ninyanyue."

Mumewe alimtazama kuhakikisha amesikia sawa. Darajani palikuwa na watu sita sasa, wengine na watoto. Aliinama, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamrudisha kitini. Mama alitengeneza sketi yake. Mtoto mmoja wa wale wageni alikuwa ameshakimbilia kwenye ule upenyo.

Wakati wa kurudi waliushuka mwinuko kinyumenyume, baba akishikilia kwa nguvu na viatu vyake vikiteleza. Langoni mama alimwambia bwana misitu mahali changarawe ilipolegea. Yeye akaandika. Kifungo alimwita Bwana Toroli mbele ya watu wote, naye akaitika.

Nguzo za mkuu hazikurudi. Magogo hayakutoka, au kama yalitoka, hayakutoka kwa pikipiki. Mwinuko ulishindiliwa upya mara mbili, na kila msimu wa mvua unalegea tena. Upande wa mbali wa bwawa, kwenye mwamba ambao watu wanausifu kwa mandhari, bado kuna ngazi arobaini, na mama na bwana misitu wamebishana juu ya ngazi hizo kwa miaka mitatu sasa bila kupatana. Wakili ana miaka kumi na minne na Jumamosi zake ni za marafiki. Wakati mwingine huenda nao msituni, akaomba pikapu ya baba yake ipaki mbali kidogo, marafiki wasiione. Kifungo ameacha vyura, sasa ni ndege.

Bwana misitu aliomba ruhusa akaandika namba ya simu ya mama chini ya kibao. Ndiyo maana siku hizi, katikati ya kazi, akiwa na kiwiko kwenye pedali, simu inalia. Juzi alikuwa mwanamume mmoja, sauti ya mtu anayezungumza akiwa amejitenga na wenzake. Alisema ana binti wa miaka minane, ana kiti, hawajawahi kutoka naye mahali kama hapo. Je, kweli inapitika, au ni kibao tu?

Mama aliinua kiwiko, mashine ikanyamaza.

"Kiti chake kina upana gani?"

Mwanamume hakujua. Alisikika akihangaika, akimwita mkewe, wakitafuta kitu cha kupimia. Mama alisubiri, akikata nyuzi za sketi kwa mkono mwingine.

"Hamsini na mbili," mwanamume akasema hatimaye.

"Mtapita. Mpaka benchi la tatu atakwenda mwenyewe. Baada ya hapo kuna mwinuko, na mvua ikiwa imenyesha msijaribu, rudini siku nyingine. Bebeni kitambaa cha kulalia kwenye daraja, mbao zina vibanzi. Na mwulize kwanza kabla hujamsukuma."

"Nimwulize?"

"Ndiyo, mwulize. Atakuambia."

Mwanamume alishukuru, akasema labda watakwenda Jumamosi. Mama alimtakia safari njema, akaweka simu kwenye mfuko wa aproni na kurudi kwenye pindo.